Meko ya Waziri wa Moto

Meko ilikohoa mara moja tu, lakini ilikohoa vibaya. Upepo uliingia kwa juu kwenye bomba la moshi, ukateremka na kila kilichokuwa kimelala humo tangu baridi ya mwaka jana, ukakitema sebuleni. Na sebuleni, katikati ya zulia, juu ya kigoda, alikuwa amesimama bibi harusi mtarajiwa ndani ya gauni jeupe lililobakiza pindo tu.

Masizi hayana haraka. Yalielea, yakaizunguka taa, yakachagua pa kutua. Yalichagua kifua cha gauni, mkono wa kushoto na kipande kizuri cha shela. Chembe moja kubwa ilitua juu ya pua ya shangazi wa bibi harusi, naye akaiacha hapo hapo, kama ushahidi.

"Mama," alisema shangazi, "hapa tumekuja kwa fundi wa nguo au kwa mchoma mkaa?"

Mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu hakuna bibi harusi aliyepita mtaa ule bila kupita kwenye cherehani yake, alikuwa amepiga magoti na pini tatu mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujitetea. Alizitoa moja moja, akacheka kile kicheko cha kuomba radhi kabla ya kuulizwa.

"Ni upepo tu, shangazi. Haya yanatoka. Ukiyapuliza yanatoka yenyewe, mradi usiyaguse..."

Shangazi aliyagusa. Alipitisha kidole kifuani mwa gauni, na pale palipokuwa na vidoa vya vumbi pakatokea mstari mmoja mweusi, mrefu, kama mwalimu aliyechoka amekosoa hesabu.

"Yametoka?" aliuliza.

Bibi harusi alikuwa muuguzi, mtu wa kushona kidonda huku akisimulia habari za jana. Lakini masizi yalimshinda. Alianza kulia taratibu, bila kusogea, maana alikuwa bado amezungukwa na pini.

Hapo ndipo mlango wa uani uliposukumwa kwa mguu, akaingia mwenye nyumba na mzigo wa kuni umemfika kidevuni, uso umejaa bashasha.

"Karibuni, karibuni! Naona kabaridi kanaanza. Niwawashie moto kidogo?"

Fundi alimtazama mumewe. Tangu waoane alikuwa amemtazama kwa namna nyingi, lakini hii ilikuwa mpya.

"Peleka kuni uani," alisema polepole.

"Lakini wageni..."

"Baba Kitinda. Uani."

Shangazi alimsaidia bibi harusi kushuka. Walipofika mlangoni aligeuka, ile chembe bado iko puani. "Jumamosi tutarudi. Tukikuta gauni jeupe na chumba kisichokohoa, tutazungumza habari ya nguo za wapambe wote sita. Tukikuta hivi, kila mtu ashike njia yake. Na sitanyamaza, mama. Mimi nina mdomo."

Hilo la mdomo hakuna aliyelitilia shaka.

Hawajafika getini, jirani akapiga hodi. Nyumba zile mbili ziligawana ukuta mmoja, paa moja na hilo bomba la moshi, kila upande una meko yake, mgongo kwa mgongo. Jirani aliishi peke yake. Zamani alikuwa akiunganisha simu kwenye mtambo wa mji, siku zile mtu anainua mkono wa simu na kuomba apewe nambari, na hadi leo watu walimwita Opereta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alikuwa na kipaji cha ajabu: chumvi ikiisha kwa Fundi, Opereta anatokea na chumvi. Mtoto wao Kitinda akikohoa, Opereta analeta asali. Safari hii alikuwa na kopo la poda ya watoto.

"Nyunyizia juu ya hayo masizi, acha yalale, kisha pangusa kwa brashi laini. Usisugue."

"Umejuaje, dada?" Fundi alishangaa.

"Si upepo umevuma," alisema Opereta, akaondoka.

*

"Izibwe," alisema Fundi jioni ile.

"Itazibwa nikiwa nimo ndani," alisema mumewe.

"Basi ingia mapema, Jumamosi haiko mbali."

Mumewe aliitwa Waziri wa Moto, kwa kifupi Waziri, na cheo hicho alikipata kwa watoto wake. Maisha yake yote alikuwa amechochea tanuri la hospitali, lile la kuchemshia maji na kutoa mvuke kwa wafua mashuka. Kisha ukaja mtambo wa umeme wenye kitufe kimoja. Wakamshika mkono, wakampa saa ya ukutani, wakamwambia akapumzike. Hakuwa na la kupumzikia. Akaja nyumbani akaikuta meko ya sebuleni, kubwa, ya matofali mekundu yaliyoungua yakawa meusi, akaiteua kuwa wizara. Yeye ndiye aliyepasua kuni, yeye aliyewasha, yeye aliyezoa majivu. Mtu mwingine akigusa chuma cha kuchokolea moto, Waziri alipandisha nyusi.

Kitinda, binti yao wa mwisho, ambaye alikuwa likizo kutoka chuo na kwa hiyo alikuwa mtaalamu wa kila kitu, aliketi katikati ya wazazi na simu yake.

"Si lazima kuziba, Mama. Siku hizi watu wanazipa sura mpya tu. Ona hii. Wamepaka nyeupe, juu wameweka kioo, ndani mishumaa."

Waziri aliitazama ile picha kwa muda. "Mishumaa?"

"Ya kupendezesha, Baba."

"Mle yamepita magogo, mwanangu. Magogo! Leo unataka kupanga mishumaa? Si bora umvishe simba nepi?"

"Haya, hii basi. Wamepanga vitabu ndani."

"Vitabu ndani ya meko. Na kuni je, zipangwe kwenye kabati la vitabu?"

"Hii wameweka televisheni inayoonyesha moto."

Waziri alisimama, akatoka nje kupunga hewa.

"Hata yeye anajua ni mbaya," Fundi alimwambia binti yake. "Ni basi tu. Nimeshamwita Hainashida. Jumamosi asubuhi anaziba bomba, anapiga ubao mbele, anabandika vigae. Wageni wanafika wanakuta ukuta."

Hainashida alikuwa fundi wa ujenzi, na hilo lilikuwa jina lake na jibu lake. Ukuta umepinda? Haina shida. Mlango umewekwa juu chini? Haina shida. Watu waliendelea kumwita kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu asiyeona tatizo.

*

Siku zilizofuata mume na mke hawakusemezana. Yaani walisema, lakini kupitia meko.

Huo ulikuwa utaratibu wa nyumba, nao waliurithi kwa mama yake Waziri pamoja na nyumba yenyewe. Bibi yule alikuwa amewaambia bila kupepesa: neno likikushinda kumwambia mwenzako usoni, usilale nalo tumboni, litaoza. Kaa kwenye kigoda, liambie moto. Kilichosemwa mekoni kinapanda na moshi. Na mwenzako akiwa kwenye kigoda, ondoka uende zako, usisikilize, usiulize.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini kila sheria ina uchochoro wake, na wao walikuwa wamejenga mwingine wa vijembe, wa kuisemesha meko huku mlengwa kakaa pale pale anakunywa chai.

"Meko," alisema Waziri asubuhi ya kwanza, "mwambie mama huyu chai yake leo ina sukari ya msiba."

"Meko," alijibu Fundi huku akipitisha uzi kwenye sindano, "mwambie baba huyu anayetaka chai ya harusi aache kuwachafua maharusi."

"Meko, mwambie nimesikia."

"Meko, mwambie nimefurahi."

Kitinda alihamisha macho kutoka upande huu hadi ule. "Meko," alisema, "waambie nauli ya kurudi chuo wataitoa kupitia wewe au mkononi?"

Wakamfukuza wote wawili, kwa pamoja. Lilikuwa jambo pekee walilokubaliana wiki ile.

Alhamisi Waziri alipokwenda kunyolewa, Fundi aliacha cherehani, akakaa kwenye kigoda. Gauni lilikuwa limetakata; poda ilifanya kazi. Alilitazama likining'inia kwenye mlango, kisha akainama akaongea ndani ya ule weusi kwa sauti ya chini.

"Wewe sina ugomvi nawe. Ningejua namna ya kukuzuia usikohoe, nisingemwita mtu. Lakini nikipoteza wapambe wale, yule shangazi atanimaliza mji mzima. Na yule mwenzangu, alivyosimama pale na kuni zake kama mtoto aliyeleta zawadi... Nilimfukuza mbele ya watu. Sijui nilimfanyia nini. Nikikuziba, atakaa wapi yule? Kusema kweli sitaki uzibwe. Sema siwezi kumwambia. Atadhani nimeshindwa."

Akafuta uso kwa futi ya kupimia, akarudi kwenye kazi.

Jioni hiyo hiyo, Fundi alipokwenda kutafuta lesi, Waziri alikaa kwenye kigoda kile kile, kichwa kinang'aa.

"Yule ana haki," aliiambia meko. "Gauni la watu lile. Hata mimi ningekuziba kwa mikono hii yangu. Sema, nikishakuziba, kesho yake nikiamka niende wapi? Kule walisema mtambo hauhitaji mtu. Nyumba nayo ikisema hivyo?" Alishusha sauti zaidi. "Na wewe unajua kwa nini unakohoa. Mimi na wewe tunajua. Nikae kimya tu, uzibwe, yaishe."

Akainuka akishika magoti.

Kwa hiyo ndani ya nyumba ile walikuwemo watu wawili, mmoja hataki kuziba na mwingine yuko tayari kuziba, na kila mmoja akimwonyesha mwenzake kinyume chake. Kama si uzee, ni mapenzi.

*

Ijumaa Waziri alipata wazo. Wazo lilimjia baada ya kuangalia tena ile picha ya kwanza ya Kitinda, akiiwazia nyeupe bila mishumaa. Kama kilichotakiwa ni sura mpya, basi sura mpya ataileta waziri mhusika. Fundi alikuwa ameenda mjini kutafuta vifungo. Chini ya ngazi kulikuwa na debe la rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki walipopaka geti.

"Baba, una uhakika ni rangi ya meko?" aliuliza Kitinda, tayari ana brashi mkononi.

"Rangi ni rangi. Paka."

Walipaka. Na kwa muda mfupi, lazima ukweli usemwe, ilipendeza. Yale matofali meusi yaligeuka meupe, chumba kikapata mwanga, dirisha likaonekana kama limeongezwa. Kitinda alipiga picha kumi na kidogo. Waziri alirudi nyuma hatua, akainamisha kichwa upande, akaguna kwa furaha.

"Ila itakauka kabla hajarudi?" aliuliza Kitinda.

Sasa, mtu mwingine angefungua dirisha. Mtu mwingine angepepea na gazeti. Lakini huyu alikuwa ametumia maisha yake yote kutatua kila jambo kwa njia moja. Nguo mbichi? Moto. Maji baridi? Moto. Bosi kanuna? Mpelekee chai ya moto.

"Niletee vijiti viwili vitatu," alisema Waziri. "Moto mdogo tu. Wa kukaushia."

Rangi ya geti haikuumbwa kwa ajili ya moto mdogo wala mkubwa. Kwanza ilitoa jasho. Kisha ikavimba vipele, kimoja, viwili, ukoo mzima. Vipele vikapasuka. Rangi ikaanza kuteremka kwa michirizi ya rangi ya chai, na harufu ikatoka pale ya kumfukuza hata nzi. Fundi alipofungua mlango na vifungo vyake, alikuta madirisha yote wazi, gauni limekimbizwa chumbani, binti yake amejifunika pua kwa kitambaa, na mumewe ameshika ndoo ya maji mbele ya meko iliyoonekana kama imeugua tetekuwanga.

Alitazama. Akaweka vifungo mezani.

"Meko," alisema, "mwambie waziri ajiuzulu."

Alitaka kiwe kichekesho. Hata kona ya mdomo wake ilishaanza kucheka. Lakini Waziri hakujibu kupitia meko wala bila meko. Aliweka ndoo chini, akachukua kile chuma cha kuchokolea moto kilichokuwa kimeegemea ukuta, akakifuta kwa kiganja, akampa mke wake kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi funguo za ofisi. Kisha akaenda kukaa uani karibu na rundo la kuni.

Fundi alibaki na kile chuma mkononi. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

*

Jumamosi Hainashida alitakiwa afike alfajiri, kwa hiyo alifika wakati wageni nao wako njiani.

"Haina shida," alisema alipoambiwa. Alikoroga saruji kwenye beseni, akapanga matofali ya kuzibia, akajisukuma ndani ya meko hadi kiunoni. "Naziba koo lake kwanza. Vigae ni baadaye."

Waziri alikuwa amesimama mlangoni mwa uani, mikono mfukoni. Fundi alikuwa karibu na cherehani. Kitinda alikuwa katikati kama kawaida. Kila mzazi alikuwa akimtazama mwenzake kwa wizi, na kila macho yalipokutana, yalikimbilia kwenye saruji.

Shangazi aliingia bila kungoja kukaribishwa, bibi harusi nyuma yake. "Eh," alisema, akiiangalia ile meko yenye vipele na miguu ya mtu inayotokeza chini yake. "Imemmeza fundi?"

"Anaziba, shangazi," alisema Fundi. "Haitakohoa tena. Gauni hili hapa, tazama, jeupe pee. Karibuni mkae."

"Nipeni tofali la kwanza!" ilisikika sauti ya Hainashida kutoka ndani.

Hakuna aliyesogea. Kitinda alimtazama baba, akamtazama mama. Mwishowe Fundi mwenyewe aliinama, akaokota tofali, akalinyoosha. Mkono wake ulikuwa haujafika, meko ikasema:

"Samahani. Naingilia mazungumzo yenu."

Ilikuwa sauti ya kike, safi, yenye heshima zote, na ilitoka juu, gizani, karibu kabisa na sikio la Hainashida. Kishindo kilisikika, kichwa kimegonga tofali. Kisha Hainashida akatoka, haraka kuliko alivyoingia, mweusi hadi kwenye nyusi.

"Ina shida," alisema.

Neno hilo hakuwahi kulitamka katika maisha yake yote ya ujenzi, na pengine ndilo lililowatisha watu zaidi. Bibi harusi alimshika shangazi mkono. Shangazi alimshika Kitinda. Kitinda, kwa kukosa wa kumshika, alishika simu.

"Narudia," ilisema meko. "Naingilia kwa dharura. Mama wa nyumba hiyo hataki meko izibwe. Baba wa nyumba hiyo yuko tayari kuiziba. Tafadhali ambianeni kabla saruji haijakauka. Nakata."

Waziri alipiga hatua moja mbele. Kwa miaka yote ile ya kuiambia meko, hakuwahi hata siku moja kufikiria atafanya nini ikijibu.

"Mama?" alinong'ona, maana mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni bibi yule aliyewaachia utaratibu.

"Mama yako hakuwa na adabu hiyo," alisema Fundi, naye pia kwa kunong'ona. "Asingesema samahani."

Hodi ikapigwa. Opereta aliingia na leso yake begani, akawasalimia wote, mmoja mmoja, kisha akabaki amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Bomba letu ni moja," alisema. "Ukikaa kwangu mekoni, unasikia yanayosemwa kwenu mekoni."

Fundi alikaa chini. Hakutafuta kiti, kwa bahati kilikuwepo. "Tangu lini?"

"Tangu nihamie."

"Yote?"

"Ya mekoni tu. Vyumbani sisikii."

Fundi alikumbuka chumvi. Akakumbuka asali. Akakumbuka kopo la poda. Kisha yakaanza kumjia mengine, na masikio yakamchemka.

"Hata ile ya..." alianza Waziri.

"Hata ile," alisema Opereta.

"Ipi?" aliuliza Fundi.

"Hakuna," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Sasa kwa nini hukusema, dada?" Sauti ya Fundi ilipanda. "Tumekuwa tukijivua nguo mbele yako miaka nenda miaka rudi, na wewe unaleta chumvi tu!"

"Ningesema lini?" Opereta alizungusha pindo la leso kwenye kidole. "Siku ya kwanza nilitaka kuja. Lakini siku hiyo hiyo ulikuwa umeshasema neno ambalo ungeona aibu kujua limesikika. Nikasema nitakuja kesho. Kesho yake mzee naye akasema lake. Kule kwenye simu tulifundishwa hivyo: sikio wazi, mdomo umefungwa. Usirudie kwa mtu, usicheke, usilie. Ruhusa ya kuingilia ni moja tu, dharura. Miaka yote hii sikuiona dharura. Leo nikasikia saruji inakorogwa." Akaiachia ile leso. "Na pia, kwangu hakuna mwingine anayeongea."

Shangazi, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, alipangusa jicho. "Endeleeni," alisema. "Msituone sisi."

Fundi alimgeukia mumewe. "Ni kweli uko tayari kuiziba?"

"Ni kweli hutaki izibwe?"

"Nilitaka isikohoe tu!"

"Basi si ungeniambia!"

"Si ungeniuliza!"

"Samahani," alisema Opereta taratibu. "Mzee, kuna moja limebaki. Hilo ni lako, siwezi kukusemea."

Waziri aliangalia sakafu. Aliangalia wageni, kisha Hainashida aliyekuwa akijipangusa nyusi. Ilikuwa hadhara kubwa kwa neno dogo. Alishika goti lake moja, kama analiomba ruhusa.

"Bomba halijafagiliwa," alisema. "Inatakiwa kupanda juu na brashi kila mwaka kabla ya baridi. Mimi ndiye najua, nimefanya kazi hiyo tangu ujana. Lakini magoti haya yamekataa ngazi. Mwaka juzi nilipanda nusu, nikashuka. Mwaka jana sikupanda kabisa. Nikawa nawasha tu, naombea upepo usije." Akainua macho kwa mkewe. "Lile gauni nimelichafua mimi, si meko."

Fundi alimtazama mtu huyu aliyekuwa radhi azibiwe wizara yake yote kuliko kusema neno "ngazi".

"Ungeniambia," alisema.

"Niliiambia meko."

Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kama alivyolia, taratibu, mabega yanatikisika, na akamwambukiza shangazi, na shangazi akicheka hakuna anayebaki. Fundi alicheka hadi akajichoma pini. Aliinuka, akachukua kile chuma kilichokuwa kwenye kona tangu jana, akamrudishia mumewe, kwa mikono miwili.

"Kujiuzulu kwako kumekataliwa," alisema. "Hainashida, ngazi unapanda?"

"Ngazi?" Hainashida alitazama dari, akaitazama meko kwa mashaka, akajirudi. "Ngazi haina shida. Mradi huko juu nisisemeshwe."

*

Siku ile Hainashida alifagia bomba kwa juu huku Waziri akimwongoza kwa chini, kichwa ndani ya meko, "Kushoto! Kushoto kwako wewe, si kwangu! Sukuma!" na masizi yaliyotoka yalijaza magunia. Shangazi aliyaangalia, akasema mwenye kuficha mzigo ule kwa ajili ya magoti tu anastahili kusamehewa au kufungwa, na kwa kuwa yeye si hakimu, wapambe wake sita washonewe papo hapo. Ila kwa sharti: meko iwekewe mlango.

Ikawekewa. Fundi wa kuchomelea aliunda mlango wa chuma wenye kioo, na Kitinda akasimamia yaliyobaki kana kwamba yeye ndiye aliyegundua matofali. Rangi ya geti ilikwanguliwa yote. Matofali yalisuguliwa hadi wekundu wake ukatoka, ule ambao hakuna aliyekumbuka kwamba upo, na Hainashida akajaza chokaa nyeupe katikati ya mistari. Juu ikapigwa rafu ya mbao. Kioo kikawekwa, maana maharusi hupenda kujitazama. Mishumaa haikuwekwa. Ndani, juu ya wavu wa chuma, lilikaa birika kubwa lenye mdomo mrefu, na hapo ndipo Waziri alipopata kazi nyingine: shela likikunjamana, pasi italiunguza, lakini mvuke wa birika unalinyoosha lenyewe, likilegezwa polepole na mtu mwenye subira. Wateja waliingia wakamkuta mzee kaketi kwenye kigoda, ameinua shela juu ya mvuke kwa mikono miwili kama anamwogesha mtoto mchanga.

Amani hiyo ilidumu hadi alipolowesha shela la mteja.

"Nimekwambia umbali wa shibiri!" alifoka Fundi.

"Shibiri ya nani? Yangu au yako?"

Fundi aliweka mkasi chini, akageukia ukuta. "Meko," alianza, "mwambie mtu huyu wa mvuke..."

"Ngoja, ngoja," alisema Waziri.

Aliinama, goti likalia. Akalishika lile komeo la chuma, akaufungua mlango wa kioo wazi kabisa, akasogeza birika pembeni. Kisha akarudi kwenye kigoda, akakunja mikono.

"Haya. Sema sasa."

Fundi alimtazama, akatazama ule mlango ulio wazi, akajikuta anatengeneza kitambaa chake kichwani kama anayekwenda kupokea mgeni. Kabla hajapata neno, sauti ikashuka kutoka gizani, safi, yenye heshima zote, na safari hii ilikuwa na kicheko ndani yake.

"Mmeunganishwa. Ongeeni."